Mguu Niponye Kwanza, Ngumi Baadaye

Maze, skia. Teke la kuruka halitakuokoa Muthurwa. Halitakuokoa Globe, halitakuokoa Kirinyaga Road, na kwa ile footbridge ya Thika Road yenye taa ilizima kitambo, ndio kabisa.

Najua penye ulitoa hiyo teke. Wote tulitoa hapo. Vidio show ya mtaa, benchi ngumu, kiingilio mbao, DJ Afro anatafsiri Jackie Chan na ile sauti yake, na movie ikiisha kila mtoi ni master hadi kwa gate ya ploti. Ilikuwa tamu, siwezi danganya. Lakini saa hii uko na miaka ishirini na kitu. Ni saa mbili usiku, uko tao, umedunga skinny inakusumbua hata kupanda mat, na ndula ni nyeupe hutaki ziguswe na vumbi. Utarusha teke gani, buda?

Hii story ni ya venye mtu anajikinga kwa hii Kanairo yenyewe. Kwa stej, kwa mtaro, kwa mat imekwama jam na mkono wa mtu umeingilia dirisha. Na sichezi nayo. Nimechoka kuenda matanga ya wasee wa rika langu waliokufa juu ya simu ya ngiri kumi na mbili.

Tuanze na rada, juu hapo ndio kazi kubwa iko.

Wezi wa tao huchagua. Hawarukii kila mtu. Wanataka yule amejaza earphones masikio yote mawili, kichwa chini, anascroll, bag mgongoni zipu wazi, anatembea akigonga watu. Huyo ni lunch. Kwa hivyo somo la kwanza halina jim na halina fee: toa earphone moja, inua kichwa, jua nani ako nyuma yako. Ukipinda kona, piga jicho nyuma. Msee amepinda na wewe kona mbili? Vuka barabara. Akivuka pia, ingia chemist, ingia supa, ingia kibanda ya chapo uagize chai hata kama huna njaa.

Wengi hawafanyi hivyo juu ya aibu. "Sitaki aone namwogopa." Brathe, hakuna mtu atakumbuka ulivuka barabara. Kuchoma picha ni kuamka kwa mtaro bila ndula, bila simu, na mathe anapigiwa na namba haijui.

Halafu kuna umbali. Msee humjui anakujia na story, "Brathe, saa ni ngapi?", na anazidi kukaribia akiongea. Rudi hatua moja, inua mikono hadi kifuani, viganja wazi, ongea poa: "Sina saa, boss." Ukionekana kwa mbali unabonga tu. Kumbe mikono tayari iko kati ya uso wako na ngumi yake, na ukitaka kusukuma au kupiga, huna safari ndefu. Geoff Thompson, jamaa wa Coventry kule Uingereza aliyesimamia milango za club miaka kibao, ndiye aliipanga hiyo kitu ikawa somo na akaiita fensi. Makanga wetu waliijua bila kitabu. Cheki kange wa Eastlands akibishana na abiria mlevi: mikono juu, wazi, mguu mmoja nyuma. Hiyo ni fensi safi.

Akiendelea kusonga na umemwambia asimame, umeshapata jibu. Huyo hakutaka kujua saa.

Kwa mat ni rahisi zaidi. Simu haikai dirishani, kwisha. Na ikinyakuliwa, usitoe kichwa nje kuifuata, nduthi inapita hapo na haina breki ya huruma.

Sasa tuingie ngeta. Hii tutakaa nayo, juu ndio wengi wetu imetupitia ama itatupitia.

Ngeta ni kazi ya kikundi. Wa kwanza anakuja mbele: anauliza njia, anakugonga bega kiasi, ama anasimama tu njiani anafunga kamba ya kiatu. Macho yako yote kwake. Boss mwenyewe ako nyuma. Mkono unazunguka shingo, mfupa unakaa kwa koo, anapinda mgongo, na miguu yako inaacha lami. Wa tatu ako kwa mifuko: simu, wallet, saa, hadi ndula. Kisha unaachiliwa uanguke. Hakuna kelele. Watu wanapita wakidhani ni mabeste wanacheza.

Shingo iko na mishipa mikubwa pande zote mbili inayopeleka damu kwa ubongo. Ikibanwa kisawasawa, unazima kwa sekunde kama kumi. Kwa hivyo ile akili ya "wacha nifikirie nitafanya nini" haina nafasi. Mwili ufanye peke yake, na mwili hufanya tu chenye umeuzoesha.

Kuna kochi mmoja wa Eastlands hafunzi ngeta na watu wamejipanga laini. Anazima taa za hall zibaki mbili, anafungulia ngoma za nganya hadi madirisha yanatetemeka, anakuambia utembee kutoka ukuta huu hadi ule ukibonga na simu. Hujui nani atakurukia wala kutoka wapi. Mara ya kwanza kila mtu anafanya vitu sawa: kidevu kinaenda juu, mikono inapapasa hewani ikitafuta uso wa mtu ako nyuma. Hata wale wa vifua, wa kuinua kilo mia, wanapapasa hewa tu. Halafu ikafika zamu ya dem mmoja mfupi, huuzanga smokie pale nje ya stej, kilo hamsini hafiki. Mkono wa jamaa kugusa bega, kidevu chake kilikuwa kishazama ndani ya kiwiko. Mikono yote miwili ikanyakua ule mkono, ikauvuta chini kifuani. Kisha akaacha miguu, akashuka kama gunia la viazi limekatikiwa na kamba pale Wakulima. Jamaa akainama naye, balance ikapotea. Dem akajipinda, kichwa kikachomoka, kiganja kikampata jamaa chini ya pua, na huyo mbio hadi ukutani akipiga nduru. Hakubaki kuangalia kazi yake.

Kochi hakusifu kiganja. Alisifu mbio.

Na hii usiruke: ukikabwa shingo, hata kama uliamka ukaenda keja ukakula, pitia hosi. Koo inaweza kufura masaa baadaye. Sauti ikikwaruza, kumeza kukiuma, pumzi ikiwa nzito, kichwa kikizunguka, usilale nayo eti utaona asubuhi.

Kwa nini ile dem aliweza na wale wa vifua wakashindwa? Juu ya kitu mwili hufanya saa ya ngori. Moyo unapiga, masikio yanaziba, macho yanaona kitu moja tu mbele, vidole vinakataa kazi ndogo ndogo. Umewahi jaribu kufungua padlock ukiwa umefukuzwa na mbwa? Hiyo ndio hali. Sasa kuna mtu anakufunza ushike kidole gumba cha mwizi, uzungushe kifundo, upite chini ya kwapa, umlaze. Hatua nne, na vidole vyako saa hiyo haviwezi kushika hata funguo. Chenye hubaki ni vitu kubwa na rahisi: kiganja kwa pua, kiwiko, goti, kukanyaga mguu, kusukuma, kupiga nduru, kukimbia. Ngumi yenyewe iangalie, juu fuvu ni gumu na mifupa ya vidole ni nyembamba. Mabondia hufunga bandeji na kuvaa glovu, na bado huvunjika mikono.

Na zile funguo mnaambiwa mshike katikati ya vidole? Siste, zirudishe kwa bag. Ukipiga nazo zinageuka zinakata mkono wako mwenyewe. Kiganja kinatosha.

Kisu sasa.

Mtu akikutolea kisu anataka simu, mpe simu. Afadhali uirushe upande mmoja, wewe ushike upande mwingine. Haijalishi ni iPhone, haijalishi bado unalipa Lipa Mdogo Mdogo, haijalishi ina picha za birthday. Mguu niponye. Zile vidio za jamaa ananyang'anya kisu kwa mkono mmoja akiwa amesmile, mwenye kisu amenyoosha mkono akangoja akiwa amesimama. Hakuna mtu mtaani hungoja. Mkono mmoja unakushika shati, ule mwingine unaingia na kutoka, haraka, mara nyingi, na wengi waliodungwa hudhani walipigwa ngumi hadi waone damu.

Ukitaka kuamini, fanya hii mazoezi. T-shati nyeupe ya mtumba, marker nyekundu, beste yako ndiye mwizi. Mwambie asikuhurumie. Wewe jaribu mbinu zako zote za TikTok. Dakika ikiisha, simama mbele ya kioo usome hiyo shati. Alama iko shingoni, iko kwapani, iko tumboni, iko ndani ya mkono penye mishipa hupita. Sijaona mtu amemaliza hiyo kitu akiwa msafi, na sijaona mtu ameimaliza akibaki na ile midomo ya "mimi ningemshow". Baada ya hapo ndio unaelewa kwa nini kochi wa ukweli anakufunza kisu wiki moja na mbio mwaka mzima.

Kupigana na kisu ni saa yenye hataki simu, anakutaka wewe, na nyuma yako ni ukuta. Hapo hakuna kuomba. Bag mbele, kiti mbele, jacket imezungushwa mkononi, chochote kati yenu, na unapigana kufungua njia ya kutoka. Ukiipata, hepa.

Najua fathe akisoma hii ataskia vibaya. Fathe ako na theory yake. "Enzi zetu tulikuwa tunatoka Burma saa nane usiku tunatembea hadi Makongeni, hakuna mtu anakugusa." Sawa, fathe. Enzi zenu mlikuwa mmebeba nini? Sahani ya nyama kwa tumbo. Mwizi angeiba nini hapo? Mimi nimebeba benki, kitambulisho, kazi na picha za mtoto kwa mfuko mmoja. Guka naye anasema beba rungu. Guka, nikipanda na rungu kwa nganya, kange ataniitisha fare ya watu wawili. Na kuna auntie, hatakosa, wa kusema shida ni sketi za hawa madem. Auntie, mwizi wa ngeta hapimi sketi na rula. Mama wa leso anaporwa Gikomba saa sita mchana na jua limewaka.

Lakini kuna wazee hatucheki. Shosho wa Koch.

Korogocho, nyanya wa miaka sitini, sabini, na kupita, hukutana kufanya mazoezi yanaitwa Shosho Jikinge. Hawakuanza juu ya kupunguza kilo. Kuna wanaume walikuwa wanaingia kwa nyumba za nyanya wanaoishi pekee yao na kuwabaka, wakidhani mzee hawezi kitu. Sasa cheki shosho na kitambaa kichwani, rinda ndefu, sweta imefungwa hadi juu. Pad ikiletwa mbele yake, anapiga nduru ya "hapana!" na kiganja kinatua, pua, macho, sehemu za siri, halafu anarudi nyuma kwa laini akipumua, anashikilia mgongo, anangoja zamu yake tena. Hakuna teke la kuruka hapo. Magoti ya shosho hayaruhusu, na kumbe hayahitajiki. Wasee wa jim, hiyo ndio syllabus. Kama inafanya kazi kwa mwili wa miaka sabini, inakutosha.

Hizi mitaa zetu ndizo zilitoa ushahidi dunia ikasoma. 2013, jarida la Journal of Adolescent Health lilichapisha utafiti wa wasichana wa sekondari kutoka mitaa ya mabanda Nairobi. Kundi moja la wasichana 402 lilipata kozi ya masaa 12 ndani ya wiki 6: sauti, kusema hapana bila kuomba msamaha, kujua hatari inavyokuja, na mbinu chache za mwili. Mwaka kabla ya kozi, asilimia 24.6 yao walikuwa wamebakwa au kushambuliwa kingono. Baada ya kozi ikashuka hadi asilimia 9.2. Kundi lingine lenye halikupata hiyo kozi lilianza asilimia 24.2 na likabaki 23.1. Zaidi ya nusu ya waliofunzwa walisema wametumia hizo mbinu kujiokoa. Masaa 12, msee. Series moja ya Netflix inakula zaidi ya hiyo.

Na kitu ilinishika kwa huo utafiti ni wanaume wenyewe. Wengi wa walioshambulia hao wasichana walikuwa watu wanajulikana. Boyfriend, jirani, ndugu. Kwa hivyo madem wakifunzwa tu mwizi wa usiku na kofia, mmewafunza nusu. Mazoezi lazima yafike kwa sofa ya keja ya boyfriend, yafike kwa caretaker anabisha saa nne usiku eti anacheki mita ya stima. Hapo sauti ndio silaha ya kwanza, na sauti hufanyiwa mazoezi. Wengi wetu tukijaribu kupiga nduru mara ya kwanza, inatoka kapumzi tu. Rudia hadi ploti nzima ijue jina lako.

Na ukipiga nduru kwa watu, waambie chenye kinafanyika. Kuna wajanja hukushika mkono kwa stej wakisema, "Ni bibi yangu huyu, tumekosana." Watu wakiskia hivyo wanageuka. Piga nduru: "Simjui huyu! Simjui!" Hiyo inawanyima kisingizio cha kupita.

Tarehe 27 Januari 2024 madem walijaza barabara za Nairobi na miji mingine wakiandamana juu ya wanawake wanaouawa. Wavulana wengine walikuwa hapo, wengi walikuwa kwa simu wakiuliza "lakini yeye alienda kufanya nini huko?" Wasee, hiyo ni aibu, na hii si ile aibu ndogo ndogo. Ile programu ilifunza hao wasichana wa utafiti, No Means No, iko na kozi ya wavulana pia, inawafunza kuingilia kati wakiona dem anasumbuliwa. Kumtoa beste yako kwa ujinga kabla afanye ujinga ni self-defense pia. Ukiona mtu ameshika glasi ya dem na si yake, sema kitu. Mchele hauwekwi na majini.

Na ikitokea umebakwa, na Mungu asiifanye itokee: hosi ndani ya masaa 72, juu dawa za kuzuia HIV zina hiyo deadline, na mapema zaidi ni poa zaidi. Usioge kwanza, beba nguo ulizovaa. Laini ya 1195 ni bure. Hii imwambie hata beste yako mwenye haulizi.

Sasa tuje kwa doh. Penye hii game imeoza ni bei.

Kuna studio Kilimani na Westlands, kioo ukuta mzima, taa za zambarau, Krav Maga kwa wiki mbili, unalipa maelfu na unapewa T-shati nyeusi imeandikwa WARRIOR. Krav Maga yenyewe iko na heshima yake. Imi Lichtenfeld aliianza Bratislava miaka ya 1930, Wayahudi walipokuwa wanapigwa barabarani na magenge ya mafashisti, na yeye alikuwa bondia na mwanamieleka kabla ya hiyo yote. Ilizaliwa mtaani. Lakini ukilipa doh ya mababi halafu mwenzako anakupiga ngumi moja, anaganda, anangoja ufanye vitu sita kwake akikushangilia, hapo umenunua T-shati.

Mtaani kuna hall na kuna ndondi, na bei ni ya mtaa. Hii mji ina damu ya ngumi. Robert Wangila alitoa dhahabu ya Olimpiki Seoul 1988, uzani wa welter. Elizabeth Andiego alitokea Boxgirls pale Kariobangi na akaenda London 2012, mwanamke wa kwanza Mkenya kupigana ndondi za Olimpiki. Christine Ongare akaleta shaba ya Jumuiya ya Madola 2018. Hawa hawakuanza na taa za zambarau. Ndondi inakupa kitu huwezi soma: kupigwa usoni na kubaki ukifikiria. Ngumi ya kwanza inashangaza mtu kuliko inavyoumiza, na mwenye ameshazoea huo mshangao ako mbele tayari. Chenye haikupi ni shingo kushikwa nyuma, kuanguka chini, watu watatu. Kwa hivyo changanya. Ndondi ama judo kwa msingi, halafu kochi mwenye anajua ngeta. Glovu za mtumba ziko Gikomba, zipigie sabuni na jua, zitakubali.

Karate na taekwondo? Poa kwa mwili, poa kwa nidhamu, na kuna madojo wanapigana kweli. Ile ya kuvunja mbao na kupiga kelele mbele ya wazazi ni show. Penda show, lakini usiende nayo Muthurwa.

Kitu moja zaidi, na hii makocha wengi hawagusi. Sheria. Kifungu cha 17 cha Penal Code kinakuruhusu kujikinga, na nguvu yako lazima ilingane na hatari. Msee amekukaba, umempasua pua, ameanguka, ameachilia: umeshinda, toka. Ukirudi kumkanyaga kichwa akiwa chini, hiyo imeacha kuwa kujikinga, na koti itakuuliza wewe. Mwizi pia ako na noma yake: kifungu cha 296(2), ukipora ukiwa na silaha, ama mkiwa wawili hata bila silaha, ama ukimpiga mtu, ni robbery with violence, na adhabu iliyoandikwa hapo ni kifo. Watoi wa mtaa wanaofanya ngeta "kwa fun" hawajui hiyo. Waambieni.

Na hiyo nduru ya "mwizi!" itumie na akili. Kanairo ikiskia hilo neno, mawe yanakuja kabla ya maswali, na tairi inafuata. Mob haina macho. Kuna wezi wajanja wakizidiwa wanakuelekezea kidole wewe, wanakuitia "mwizi!" wa kwanza. Umeona mtu akichomwa? Mimi sitaki kuona tena. Simu haitoshi kuchoma mtoi wa mathe wa mtu, na ukirusha hata jiwe moja hapo, wewe uko kwa kesi ya mauaji. Piga nduru ya "nisaidie", piga ya "moto", piga ya "simjui".

Saa hii hii, kabla ufunge hii page: bonyeza *#06#, andika IMEI mahali si kwa simu hiyo. Weka PIN kwa laini, isikae ile uliyoikuta nayo, ndio mtu akitoa laini yako asiiweke kwa simu yake akaanza na M-Pesa. Ukiporwa, laini inazimwa kwanza, halafu kituo cha karao, OB namba, na kama umeumia, P3. Bila OB na P3 kesi ni story tu.

Ukienda kutafuta kochi, usiulize mkanda wake ni rangi gani. Muulize mazoezi yake yana mtu anayekataa. Mtu anasukuma, anavuta, anaruka kutoka nyuma, haonyeshi mkono. Muulize wanafunzi hukimbia saa ngapi, na kama kukimbia ni sehemu ya somo ama ni adhabu ya kuchelewa. Muulize ametoa watu wangapi hapo na meno yao yote, juu jim inayovunja watu wake kila wiki pia ni ujinga. Cheki kama kuna madem na kama wanashikwa vibaya eti ni "demo". Na akikuambia mbinu zake ni kali sana, haziwezi kufanyiwa mazoezi juu zitaua mtu, chukua bag yako, mwambie asante, na ushuke ngazi.